Kufundisha Mng'aro wa Metali katika Michoro ya Kompyuta

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo wetu huzikimbilia kwa furaha katika somo la michoro ya kompyuta ni hii ya kuchora vitu vya metali vinavyong'aa. Sababu yake haifichiki. Tufe la udongo, hata likichorwa kwa ustadi, halimshangazi mtu; lakini tufe la fedha ambalo ndani yake huonekana dirisha, mlango na mawingu humfanya mtazamaji asogee karibu. Kwa hiyo mada hii hupendwa, hupewa vipindi vichache, na humalizika mapema mara kila mwanachuo apatapo picha ya kumwonyesha mwenzake. Nia ya makala hii ni kueleza kwa nini sisi tunayaona mafanikio hayo ya haraka kuwa ni hatari kwa mwalimu, na kupendekeza njia nyingine ambayo tumekuwa tukiifuata, njia inayoanzia jikoni kabla ya kufika kwenye kompyuta.

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa moja la sekondari ambamo mwanachuo wetu alikuwa akifundisha mada hii. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Aliwaelekeza wanafunzi watengeneze tufe, wafungue orodha ya sifa za uso wake, kisha waipandishe namba ya metali hadi 1 na kuishusha namba ya ukwaruzo hadi 0. Wanafunzi walifuata kila hatua, na kila kikundi kikapata tufe la kijivu kilichofifia, mfano wa jiwe la mtoni. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, nimechagua metali, mbona haing'ai?" Mwalimu akajibu, "Ongeza taa." Yule msichana akaongeza taa tatu. Akapata madoa matatu meupe juu ya jiwe lile lile la mtoni. Kengele ikalia, na swali likabaki hewani bila mwenyewe.

Hatuna haja ya kumlaumu mwalimu yule kijana. Maelekezo aliyoyatoa hayakuwa na kosa hata moja, na namba zake zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jambo ambalo haliwezi kuandikwa katika orodha ya hatua: kwamba tufe lile lilikuwa limewekwa katika ulimwengu mtupu, na kwamba metali iliyowekwa katika utupu haina cha kuonyesha ila utupu huo. Kompyuta ilikuwa imetii kikamilifu. Ilichora metali kama metali ingalivyokuwa pale ambapo hapana ukuta, hapana anga, wala hapana mtu.

Chanzo cha tatizo, kwa maoni yetu, kimo katika neno lenyewe. Tunaposema kitu "kinang'aa", tunasema kana kwamba mng'aro ni mali ya kitu hicho, kama ulivyo weusi wa mkaa au wekundu wa pilipili. Mwanafunzi huyachukua maneno yetu kama tulivyoyasema, na akienda kuchora huutafuta mng'aro kama atafutaye rangi katika kisanduku. Lakini rangi ya mng'aro haimo katika kisanduku chochote. Ukimwuliza mtoto sufuria mpya ina rangi gani, atakuambia ni nyeupe, au ni ya fedha. Ipeleke sufuria hiyo hiyo chini ya mwembe, nayo itageuka nusu kijani na nusu rangi ya udongo. Iweke mbele ya mlango ulio wazi, nayo itakuwa na mlango mwembamba uliopinda ubavuni mwake. Metali iliyosuguliwa haina sura yake. Hujivika sura za jirani zake. Mwalimu asiyelifikisha jambo hili kwa wanafunzi wake hajafundisha mada, hata kama picha zote zimependeza.

Basi njia yetu huanza kwa kuzima kompyuta. Katika vipindi viwili vya mwanzo kila mwanachuo huleta chombo kimoja kutoka nyumbani au bwenini: kijiko, upawa, mfuniko wa sufuria, sinia, birika. Mmoja huombwa alete chungu cha udongo kwa ajili ya kulinganisha. Kazi ya kwanza ni kuuchora mgongo wa kijiko kwa penseli. Takribani wote huchora kivuli cha kijivu kinachofifia polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha doa jeupe karibu na ukingo. Huo ndio mchoro wa kijiko wanachokijua, wala si wa kijiko wanachokiona.

Kazi ya pili hurekebisha hayo bila mkufunzi kusema neno. Kila mwanachuo hupewa kipande cha kadi chenye tundu dogo. Huyatazama maeneo ya chombo moja baada ya jingine kupitia tunduni, na kila eneo hulipa namba kuanzia 0 kwa weusi kabisa hadi 10 kwa weupe kabisa, akiziandika namba hizo katika miraba ya karatasi ya hesabu. Tundu humfanya asahau kwamba anatazama kijiko. Akimaliza, ana jedwali la namba, ambalo ndilo picha yenyewe kama kompyuta inavyoihifadhi, pikseli kwa pikseli. Na katika jedwali hilo hugundua mambo mawili. Kwanza, katika metali namba 1 yaweza kukaa bega kwa bega na namba 10 pasipo chochote katikati, ilhali katika chungu namba hupanda na kushuka taratibu. Pili, akihama hatua moja kushoto na kupima tena, namba za chungu hubaki karibu vile vile, lakini za kijiko hubadilika zote. Kwa maneno mengine, chungu husema habari zake mwenyewe, na kijiko husema habari za chumba na za mahali aliposimama mtazamaji.

Hapo ndipo hesabu inapokaribishwa, nayo huja ikiwa imeitwa, si kwa kulazimishwa. Wanachuo wengi waliisoma sheria ya uakisi sekondari: pembe ya mwale unaoingia ni sawa na pembe ya mwale unaoakisiwa, zikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso. Katika michoro ya kompyuta sheria hiyo huandikwa kwa vekta. Tuuite mstari ule wa wima N, na mwelekeo wa kutoka kwenye uso kwenda kwenye jicho V, vyote viwili vikiwa na urefu wa 1. Mwelekeo ambako jicho "litaona" baada ya kugonga metali, R, hupatikana kwa kuzidisha N kwa mara mbili ya zao la N na V, kisha kutoa V. Tufanye mfano ubaoni. Uso umelala kama meza, yaani N ni (0, 1), na jicho liko upande wa (0.6, 0.8). Zao la N na V ni 0.8, mara mbili yake ni 1.6; basi R ni (0, 1.6) ukitoa (0.6, 0.8), yaani (−0.6, 0.8). Mwale umekwenda upande wa pili kwa pembe ile ile, kama kila mmoja alivyotarajia.

Mfano wa pili ndio wenye mafunzo zaidi. Sasa jicho liko juu kabisa, V ni (0, 1), na uso umeinamishwa ili N iwe (0.6, 0.8), yaani umeinama nyuzi 37 hivi. Zao ni 0.8 tena, na R inakuwa (0.96, 1.28) ukitoa (0, 1), ndiyo (0.96, 0.28). Pembe yake kutoka wima inakaribia nyuzi 74. Uso umeinama mara moja, mwale umeinama mara mbili. Katika jambo hili dogo mna maelezo ya mengi yaliyowashangaza wanachuo katika vyombo vyao: kwa nini kibonyeo kidogo ubavuni mwa sufuria, ambacho kidole hakikisikii, jicho hukiona mara moja, na kwa nini chumba kizima hujibana ndani ya upawa mmoja.

Tufe ndilo huonyesha jambo hili kwa ukamilifu. Tukilitazama tufe la metali kutoka mbali, pale ambapo uso wake umeinama nyuzi 45 mwale huenda ubavuni, nyuzi 90. Mahali hapo pako umbali wa asilimia 71 hivi ya nusukipenyo kutoka katikati ya duara tulionalo, na duara dogo linalozungukwa na mahali hapo lina nusu kamili ya eneo lote. Maana yake ni kwamba nusu ya picha huonyesha yote yaliyo upande wa mtazamaji, na nusu nyingine, ule mkanda mwembamba wa pembeni, hubeba yote yaliyo nyuma ya tufe. Wanachuo huombwa walithibitishe hilo kwa rula na mgongo wa upawa, na hufurahi kuona kwamba hesabu imekubali kuingia jikoni.

Hapa pia tunawakaribisha wenzetu wa sanaa, maana wachoraji waliyajua mambo haya kabla ya kompyuta. Jan van Eyck, katika picha yake ya mwaka 1434 ya mume na mke wa Kiarnolfini, alichora ukutani kioo kilichobinuka kinachoonyesha migongo ya wenyeji na watu wengine wawili walio mlangoni. M. C. Escher wa Uholanzi, mwaka 1935, alichora mkono ulioshika tufe la kuakisi, na ndani yake mkiwa na chumba chake chote na uso wake mwenyewe katikati. Tunawauliza wanachuo: je, angaliweza kuutoa uso wake katikati kwa kulisogeza tufe? Hangaliweza, kwa sababu sehemu ya tufe inayolielekea jicho moja kwa moja ndiyo inayolirudishia jicho sura yake, na popote tufe liendapo sehemu hiyo huenda nalo. Kisha tunauliza swali la pili: mbona katika tufe la kompyuta hatumwoni mpiga picha? Jibu ni kwamba jicho la kompyuta halina mwili. Huo ni ulimwengu unaotazamwa pasipo mtazamaji, na mwanafunzi anayelielewa hili ameanza kuelewa ni nini hasa anachokitengeneza.

Baada ya umbo huja rangi. Tunaweka mezani vitu vitatu: ndoo ya plastiki nyekundu, kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya kung'aa, na chombo cha shaba nyekundu. Vyote vitatu vinaakisi dirisha. Katika ndoo na katika kikombe, sura ya dirisha ni nyeupe kama dirisha lenyewe, na rangi ya chombo iko chini yake kama maji chini ya kioo. Katika shaba, dirisha lenyewe limekuwa jekundu. Sababu yake ni kwamba katika plastiki mwanga hugawanyika: sehemu ndogo, yapata asilimia 4 ukiingia wima, hurudi papo hapo juu ya uso bila kubadilika rangi, na sehemu kubwa huingia ndani, hutawanyika na kutoka ikiwa imepata rangi ya plastiki. Katika metali hakuna njia hiyo ya pili. Mwanga unaoingia humezwa kabla ya kufika hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na ule unaorudi hurudi juu ya uso tu. Alumini hurudisha yapata asilimia 90 ya rangi zote bila upendeleo mkubwa, ndiyo maana sufuria mpya hufanana na fedha. Shaba hurudisha wekundu kwa wingi kuliko ubuluu, na dhahabu hufanya vivyo hivyo kwa wekundu na manjano.

Historia ya taaluma hii yathibitisha kwamba tofauti hiyo haikuonekana kirahisi. Bui Tuong Phong, Mvietnam aliyesoma Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, alitoa katika makala yake ya mwaka 1975 njia rahisi ya kuhesabu doa la mng'aro, na njia hiyo ikaenea kote. Lakini picha za metali zilizochorwa kwa njia kama hiyo zilikuwa na kasoro moja iliyojulikana na wote: zilifanana na plastiki. Mwaka 1982 Robert Cook na Kenneth Torrance walieleza kwamba doa la mng'aro lilikuwa likipewa rangi ya taa, ilhali katika metali hupaswa kubeba rangi ya metali yenyewe. Wakachora chombo cha shaba kwa njia yao, na kila mtu akaona kwamba ni shaba. Habari hii tunaisimulia darasani kwa makusudi. Mwanachuo aliyechora kijiko kwa kijivu na doa jeupe atambue kwamba alichofanya yeye katika dakika kumi, wataalamu walikifanya kwa miaka kadhaa, na kwamba dawa ilikuwa ni kukitazama upya kitu chenyewe.

Jambo la kuongeza hapa ni lile la pembe ya kutazamia. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu, ukiitazama ukiwa umesimama juu yake, ni nyekundu. Ukiinama hata jicho likaribie sakafu na kutazama upande wa mlango, wekundu hupotea na mlango huonekana humo kama katika maji yaliyotulia. Mfaransa Augustin Fresnel aliipatia hali hii hesabu yake katika karne ya 19: kadiri mwale unavyolala, ndivyo uso wowote unavyozidi kurudisha mwanga. Maji, ambayo hurudisha asilimia 2 tu ukiyatazama wima, hurudisha karibu wote ukiyatazama kwa mlalo. Metali hurudisha mwingi tangu mwanzo, hivyo mabadiliko yake ni madogo. Na hiyo ni alama nyingine ya kuitofautisha na vitu vinavyoiigiza.

Kuhusu ukwaruzo, hakuna zana bora kuliko mifuniko miwili ya sufuria, mmoja mpya na mmoja uliosuguliwa kwa mchanga na jivu miaka mingi. Mpya huonyesha dirisha lenye kingo. Mkongwe huonyesha ukungu mweupe tu mahali pa dirisha, na mara nyingi ukungu huo hujinyoosha kuwa mistari miwili ya mwanga kutoka katikati ya mfuniko kwenda ukingoni. Wanachuo huulizwa mwanga umekwenda wapi. Haukupotea. Uso uliokwaruzwa ni mkusanyiko wa nyuso ndogo mno, kila moja ikiwa kioo kamili kinachoitii sheria ile ile ya pembe, ila kila moja imeelekea upande wake. Na kwa kuwa mkono wa msuguaji huzunguka, mikwaruzo nayo huzunguka, na ndiyo sababu mwanga ukajinyoosha kwa kuikata mikwaruzo hiyo. Dhana ya nyuso ndogo ilikuwa imeandikwa na Torrance na Sparrow mwaka 1967, na hadi leo ndiyo msingi wa ile namba ya ukwaruzo ambayo mwanafunzi huisogeza kati ya 0 na 1. Mwanachuo aliyeuona mfuniko wa mama yake haisogezi tena namba hiyo kwa kubahatisha.

Ndipo, katika kipindi cha tano au cha sita, tunapowasha kompyuta, na swali la yule msichana linapopata jibu. Metali yahitaji mazingira. Mazingira yatatoka wapi? Mwaka 1976 James Blinn na Martin Newell walitoa jibu rahisi. Piga au chora picha ya ulimwengu wote unaokizunguka kitu, kana kwamba imebandikwa ndani ya tufe kubwa lisilo na mwisho. Kisha, kwa kila pikseli ya metali, hesabu R kama tulivyofanya ubaoni, na usome rangi iliyo upande huo wa picha. Njia hii huitwa ramani ya mazingira. Newell ndiye aliyeunda mwaka 1975 umbo la buli ambalo wachoraji wa kompyuta wamelitumia tangu hapo kufanyia majaribio. Buli halisi lililokuwa kiolezo, ambalo ni la kauri nyeupe, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California. Wanachuo wetu huligeuza buli hilo kuwa la shaba au la fedha, na kulizungushia picha ya ua wa chuo. Mng'aro hutokea papo hapo, pasipo taa hata moja kuongezwa.

Lakini hatuishii kwenye furaha hiyo, kwa sababu ramani ya mazingira ni uongo, na uongo huo una mipaka ambayo mwanafunzi anapaswa kuionyeshwa. Tunawaambia walitazame buli la kweli la bati: ubavuni mwake huonekana mkono wake mwenyewe na mdomo wake. Katika buli la ramani havionekani, kwa kuwa ramani haimjui jirani wa karibu. Humjua wa mbali tu. Kadhalika kikombe kikiwekwa kando ya buli hakitaonekana ndani yake. Ili kuyapata hayo hapana budi kuufuata mwale kutoka jichoni hadi unapogonga kitu, ukaruka, ukagonga kingine, ukaruka tena. Turner Whitted alionyesha namna ya kufanya hivyo katika makala yake ya mwaka 1980. Picha ya upana wa pikseli 640 na kimo cha 480 ina pikseli 307,200, na kila moja hutaka mwale wake na miruko yake. Katika mashine za siku hizo picha moja ilichukua zaidi ya saa. Tangu mwaka 2018 zimeuzwa kadi za kompyuta zinazofuata miali wakati mchezo wa video unaendelea, lakini hata sasa kadi hizo huchanganya njia mbalimbali, na ramani ya mazingira haijastaafu.

Mpaka wa pili ni wa kipimo cha mwanga. Picha ya kawaida huandika weupe wake wa mwisho kwa namba 255, iwe ni karatasi nyeupe au ni jua. Tuseme dirisha lina mwanga mara 100 zaidi ya namba hiyo. Meza ya rangi inayorudisha asilimia 4 ingepaswa kuonyesha sura ya dirisha yenye thamani ya 1,020, yaani bado nyeupe kabisa. Lakini kwa kuwa picha iliandika 255 tu, asilimia 4 yake ni 10, na dirisha linakuwa doa jeusi lisilo na maana. Mwaka 1998 Paul Debevec alionyesha dawa yake: kupiga picha za tufe la kuakisi mahali penyewe, nyingi, kwa mwanga mwingi na kwa mwanga kidogo, na kuziunganisha ziwe kipimo kimoja cha kweli. Mwanachuo aliyekwisha kupima upawa kwa rula huelewa bila maelezo marefu kwa nini tufe moja dogo latosha kukibeba chumba kizima.

Tumelikazia neno uongo kwa sababu ndilo linaloihusu taaluma yetu ya ualimu zaidi kuliko kompyuta. Kila mwalimu hurahisisha. Twasema dunia ni tufe, ilhali imebanwa kidogo kwenye ncha zake. Twachora atomu kama jua na sayari. Kurahisisha si dhambi, na pasipo kurahisisha hakuna somo. Dhambi ni kumwachia mwanafunzi kitu kilichorahisishwa bila kumwonyesha kinapoishia, hata siku kitakapomvunjikia mikononi adhani ni yeye aliyekosea. Yule msichana aliyeongeza taa tatu aliondoka darasani akiamini kwamba hana mkono wa kuchora. Hilo ndilo linalotusumbua sisi, kuliko tufe lenyewe kutong'aa.

Wenzetu wametupa pingamizi mbili ambazo twaziona kuwa za haki. Ya kwanza ni ya muda: vipindi vitano vya vijiko na mifuniko ni vingi katika muhula uliojaa. Ni kweli, na hatuna dawa yake ila kupunguza mambo mengine. Lakini tumeona kwamba mwanachuo aliyepitia njia hii huhitaji muda mfupi kwenye mashine, na penye kompyuta chache kwa wanafunzi wengi hiyo si faida ndogo. Ya pili ni kwamba haya ni mambo ya fizikia, na mwalimu wa michoro hana haki ya kuyaingilia. Kwa hili tunajibu kwamba mpaka kati ya masomo uliwekwa na ratiba, na sufuria haijawahi kuisoma ratiba. Tumewaomba wakufunzi wa fizikia waje katika kipindi cha vekta, nao wamekuja. Nasi tumekwenda kwao na mifuniko yetu.

Limebaki suala la upimaji, nalo ndilo gumu. Picha iliyopendeza huvuta alama, na ni vigumu kumnyima mwenye picha nzuri au kumpa mwenye picha mbovu. Sisi tumeamua kugawa alama nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni ya picha. Nusu ya pili ni ya sentensi tano ambazo mwanachuo huziandika chini ya picha, akionyesha kwa mshale mahali patano juu ya metali yake na kueleza, kwa kila pahali, jicho linaona nini pale na kwa nini. Wako wenye picha za kuvutia ambao hushindwa sentensi ya pili. Na wako ambao tufe lao limebaki la kijivu kwa kukosa muda wa kupata ramani nzuri, lakini wameandika: "Hapa panaonekana kijivu kwa sababu sikuweka kitu chochote upande huo." Hao wa pili tunawapeleka kufundisha kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa mwanafunzi akiwauliza mbona metali yake haing'ai, watajua pa kumwelekeza atazame.